Barua Yangu Ilitangulia Nairobi

Ndugu zangu wa baraza la Kuze, kila mmoja wenu amenishika mkono wa kanzu kwa wakati wake akitaka kusimuliwa safari yangu. Nimesimulia mara sita, na mara zote sita mmenikatiza pale panaponiaibisha, mkacheka, mkaagiza kahawa nyingine. Basi naandika, maana karatasi haikatizwi.

Kazi yangu mnaijua. Nakaa kwenye veranda karibu na mahakama, naandika barua za watu wasiojua kuandika, na za wanaojua lakini wanataka zisomeke kwa heshima. Mwandiko wangu unasifiwa kutoka Kibokoni mpaka Likoni, na mimi ndiye wa kwanza kuusifu.

Miezi minne kabla ya safari hii alikuja barazani kwangu nyumbani mwanamke aitwaye Bi Zuhura, buibui jipya, sinia la halwa kichwani mwa mtumishi wake. Alitaka mpishi wa nyumba ya matajiri huko Nairobi, na alikuwa amesikia habari za mdogo wangu Mwanaidi, ambaye tangu aachwe na mumewe anaishi kwangu na biriani yake mnaijua. Hayo yangekuwa maneno ya kawaida. Lakini Bi Zuhura akainamisha kichwa akasema, "Shehe Twalib, mwanamke wa watu atasafirije bila maharimu wa kumsindikiza? Sisi tunaogopa Mungu. Wewe ndiye walii wake. Mwandikie ami yangu, Bwana Salim, barua ya uwakala, asimame mahali pako."

Yakhe, nani siku hizi anauliza habari za walii? Kichwa kilinivimba. Baba yetu amekwisha kufariki, kwa hiyo mimi kaka mtu ndiye ninayemwoza Mwanaidi, na bila ya ruhusa yangu hakuna shehe wa kumfungisha ndoa. Nikaandika kwamba namfanya Bwana Salim wakili wangu, asimame mahali pangu katika safari ya ndugu yangu, "na katika kila jambo linalomhusu." Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliyaongeza kwa sababu sentensi ilikuwa fupi na haikukaa vizuri.

Mwanaidi akaenda Nairobi. Kisha, Jumatatu moja, ikaja postikadi yenye picha ya twiga. "Mimi Wafula, jirani. Dada yako hawezi kuachiliwa kutoka nje. Jumamosi anapelekwa Arabuni. Yeye hataki. Kuja haraka." Pembeni aliandika namba ya geti, na kwamba ataningoja Adams Arcade.

Mombasa hadi Mtito Andei

Basi la Jumanne liliondoka saa tatu badala ya saa moja, kwa kuwa dereva alikuwa akimsubiri abiria muhimu. Abiria huyo alipofika tuliona ni tenga la kuku. Kuku wakapewa kiti cha mbele. Mimi nikapewa kiti cha juu ya gurudumu.

Mtito Andei rejeta ikapasuka, tukashushwa wote mbele ya kibanda cha chai. Chai ilikuwa ya maziwa, yenye harufu ya moshi, na chapati zilikuwa ngumu kiasi cha kupigia mlango hodi. Nilikaa karibu na muuza vinyago mmoja, Mkamba mwenye kofia ya pama, naye akaniuliza ninakokwenda. Nikamwambia dada yangu ameibiwa.

"Pole sana mzee. Ni mtoto?"

"Ana miaka thelathini na minane."

"Ana akili timamu?"

"Kunishinda mimi."

"Alifungwa kamba?"

"Hakufungwa. Alipanda gari la moshi, nikamsindikiza stesheni mwenyewe."

"Sasa ameibiwa namna gani?"

Kibanda kizima kikanigeukia. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa yangu, si ya Mwanaidi. Nilihamaki, nikaeleza upya kwa sauti kubwa, nikala chapati mbili kwa hasira. Sikujua kwamba tayari nilikuwa nimesomewa hukumu ya serikali nzima, tena bure, na muuza vinyago.

Katikati ya mji

Niliingia Nairobi Jumatano, koti jepesi mwilini na baridi mpaka kwenye meno. Nilifikia kwa Mwalimu Badi, mtu wa kwetu anayesomesha madrasa nyuma ya maduka ya nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Uwakala uliandika kwa hati gani?" Nikamwambia nimeandika kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu. Akashika tama. "Afadhali ungeandika vibaya," akasema.

Kituo cha polisi nilichokwenda sitakitaja. Nyuma ya kaunta alikaa sajini mnene, mpole, mbele yake daftari kubwa la matukio.

"Nini imepotea, mzee?"

"Dada yangu."

Akachovya kalamu. "Mara ya mwisho alionekana wapi?"

"Yuko kwenye nyumba moja karibu na Ngong Road. Namba ya geti ninayo."

Kalamu ikarudi mezani. "Mzee, huyo hajapotea. Unajua mahali ako."

"Basi ameibiwa."

"Tunaandika mali iliyoibiwa. Dada yako ni mali?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi sina mahali pa kumwandika." Alinionyesha mistari ya daftari, na kweli, mtu aliyechukuliwa kwa tabasamu hakuwa na mstari. Halafu, kwa moyo mweupe kabisa, akaniambia, "Angekuwa ng'ombe ningekupa askari wawili saa hii. Ng'ombe sheria yake iko wazi."

Akanituma ofisi ya mambo ya kazi. Huko karani mwenye tai aliniambia mpishi asiyelipwa si mwajiriwa, na asiye mwajiriwa hana malalamiko ya kazi. Nikamwuliza, sasa asiyelipwa ndiye hasa mwenye malalamiko, au vipi? Akanitazama kama aliyemkanyaga mtu kidole bila kujua, akasema, "Hiyo swali ni nzuri," akaenda kula. Alikwenda saa sita unusu, akarudi saa tisa akiwa na kijiti cha meno. Mimi nilikuwa nimeshakula biriani ya hoteli ya jirani, wali umeshikana, nyama imejificha. Kila tonge lilinikumbusha ninayemtafuta, na tonge la mwisho sikulimaliza.

Adams Arcade na nyumba ya geti la kijani

Alhamisi nilishuka kwenye maduka ya Adams Arcade. Mtu mrefu mwenye viatu vya mpira alinijia moja kwa moja. Kwa kanzu yangu na kutetemeka kwangu hakuhitaji kuuliza.

"Mzee Twalib? Mimi ni Wafula. Nafanya shamba kwa nyumba ingine, tunapakana ua." Alikuwa mtu wa Bungoma, mlokole, mwenye watoto watatu Riruta. "Huyo mama alikuwa ananipatia mahamri juu ya ua. Siku moja akanipatia mahamri, akalia. Nikamwambia, mama, mimi nitaandika. Huko ndani wamama ni watatu. Hakuna anayetoka."

"Hukwenda polisi?"

"Nilienda. Wakaniuliza, wewe ni ndugu yake? Nikasema hapana, ni jirani. Wakasema jirani awache umbea."

Nilipiga moyo konde nikaenda getini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mbwa, matusi, hata rungu. Sikuwa nimejiandaa kukaribishwa. Bi Zuhura alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kochi, akaniuliza habari za watu wote wa mtaa kwa majina. Mara likaja sinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maji ya ukwaju. Nilipoonja tu nikajua mkono wa nani umepika. Ndugu zangu, nakiri mbele yenu: nilikula. Nilikuja kumtoa dada yangu kifungoni, nikaanza kwa kula alichopikishwa.

"Sasa nimwone," nikasema, baada ya kunawa.

"Lazima mumewe aruhusu, Shehe."

"Mumewe nani?"

Akatoa faili. Ndani mlikuwa na karatasi ya ndoa yenye muhuri: Mwanaidi binti Athman, ameolewa na Bakari, dereva, ameozwa na Bwana Salim kwa uwakala wa kaka yake. Pembeni kulikuwa na alama ya dole gumba la bibi harusi, ambaye baadaye aliniambia alielezwa kuwa ni kadi ya chanjo. Chini yake imebanwa barua yangu. Ilipendeza, kusema kweli.

"Bakari anasafiri na mkewe Jumamosi," akasema Bi Zuhura kwa upole. "Wewe mwenyewe uliandika, katika kila jambo linalomhusu. Ndoa si jambo?"

Nikatolewa nje kwa heshima zote, na kifurushi cha visheti cha kula njiani.

Kituo cha upande ule

Wafula alinipeleka kituo cha polisi cha upande ule. Inspekta alikuwa kijana mwenye macho makali, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Mombasa nilizungumza na mtu aliyeelewa mara moja.

"Hiyo nyumba naijua," akasema. "Wanawake wanaingia, wanaondoka na ndege. Nimeandika ripoti mbili."

"Alhamdulillahi! Basi twende."

"Twende na nini? Sheria iko, mzee, usifikiri haiko. Inakataza mtu achukuliwe kwa nguvu. Onyesha mimi nguvu. Hapa naona kalamu tu." Nilikuwa nimemweleza barua yote, neno kwa neno. "Nikifungua kesi, hakimu atauliza nani alimtoa huyu mama. Saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi mshtakiwa wa kwanza ni wewe. Wa pili ni mumewe, na mume akisafiri na bibi yake hiyo ni familia. Huyo Zuhura jina lake halionekani mahali popote. Kazi yake ni kuleta halwa."

Nilimwambia ndoa hiyo ni batili, kwani mwanamke aliyewahi kuolewa haozwi mpaka aulizwe na atamke mwenyewe kwamba ameridhika. Akasema hilo ni la kadhi, na kadhi atahitaji mashahidi, na mashahidi watahitaji wiki tatu. Ndege ilihitaji siku mbili.

Riruta na Mutuini

Msinione nasifu akili yangu, lakini usingizini kitu kilinijia: kama wamenishinda kwa ndoa, nami nimtafute mume. Ijumaa tukaenda Riruta, ambako Wafula alisikia dereva huyo amepanga chumba. Mwenye nyumba, mama wa Kikuyu aliyekuwa akiosha viazi, alisema hamjui Bakari.

"Dereva. Ana koti la kahawia," akasema Wafula.

"Aa, Josefu! Huyo amerudi kwao Mutuini. Bibi yake amezaa."

Nilimwangalia Wafula, Wafula akaniangalia. Tukaenda Mutuini kwa miguu sehemu kubwa, mvua ikinyesha, udongo mwekundu ukishika viatu vyangu vya makubazi mpaka kimoja kikabaki humo, nami sikurudi kukitafuta. Kanzu niliikunja magotini. Wanawake waliokuwa wakilima walisimama kunitazama, na mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni padri. Wafula akajibu ndiyo, ili tusicheleweshwe.

Bakari, au Josefu, tulimkuta akikatia ng'ombe majani. Alikuwa mtu mdogo, mwenye haya, na nilipomtajia jina la Mwanaidi alikunja uso akitafakari.

"Mwanaidi ni nani?"

"Mkeo!"

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, Wanjiru jina lake. "Umesema mke wa nani?" akaniuliza.

Hapo nilimsikitikia Josefu, japo kidogo. Alieleza kwamba Bi Zuhura alimpa kazi ya udereva kwa sharti abadili dini, akabadili, akaitwa Bakari. Kisha akamtaka atie saini karatasi "ya kazi," akapewa koti. Jumamosi alitakiwa aendeshe gari mpaka uwanja wa ndege, asimame kando ya yule mama penye meza ya pasipoti, halafu arudi. Uso wa mkewe wa karatasi hajauona hata siku moja, maana huko jikoni wanaume hawaingii.

"Na ulipotia saini hukuuliza?" Wanjiru akamshika shati. "Umeoa mtoto wa watu kwa koti? Vua."

Akavua koti, mvua ikimnyeshea. "Sasa mwache huyo mama. Mzee, anaachwa namna gani kwenu?"

Nikamfundisha maneno. Josefu akayatamka mbele ya zizi, akimtaliki Mwanaidi binti Athman, mimi na Wafula na Wanjiru tukisikia, na jirani mwingine Mwislamu, muuza nyama, ambaye Wafula alikimbia kumleta kwa ajili ya ushahidi. Ndoa ambayo mume hajamwingilia mke haina eda ya kungojea, kwa hiyo mambo yalikwisha hapo hapo. Nikaandika karatasi juu ya mgongo wa ndoo. Safari hii sikuongeza neno. Wanjiru akatupa viazi na maharage ya moto, tukala tumesimama, na sijala chakula kitamu hivyo tangu nitoke kwangu.

Getini tena

Jumamosi asubuhi nilimwekea Inspekta karatasi mezani. Aliisoma, uso ukamkunjuka.

"Sasa hii naijua!" akasema. "Bibi ameachwa, ndugu yake amekuja kuchukua yeye na vyombo vyake. Hii tunafanya kila wiki." Akapiga kengele. Nikapewa askari wawili, idadi ile ile ya ng'ombe, naye mwenyewe akafuatana nasi.

Ndugu zangu, hebu lifikirieni hilo. Mwanamke aliyefungiwa ndani miezi minne, sheria haina la kumfanyia. Mwanamke aliyeachwa, anayedai sufuria yake, serikali nzima inasimama na bunduki begani.

Geti likafunguliwa. Bi Zuhura alisoma talaka bila kubadilika uso, akaita, na Mwanaidi akatoka jikoni. Alikuwa amekonda. Machozi yalinitoka na sioni haya kuyataja. Nyuma yake, mlangoni, walisimama wanawake wawili wengine, mmoja Halima na wa pili Mwanasha, wakitutazama.

"Na hawa?" nikamwuliza Inspekta.

"Hawa wana barua?" naye akamwuliza Bi Zuhura.

Faili likafunguliwa tena. Barua ya Halima iliandikwa na mjomba wake, hati mbaya, makosa tele. Barua ya Mwanasha ilikuwa safi, mistari imenyooka, na mwishoni imesema, "na katika kila jambo linalomhusu." Sikuhitaji kutazama mara mbili. Ni mimi niliyeiandika, pale verandani kazini, kwa ajili ya mzee mmoja wa Likoni aliyeniambia ametumwa na mama mmoja aliyeipenda kazi yangu. Nilimwandikia kwa furaha.

"Niitie ndugu zao waje," akasema Inspekta, naye hakunitazama usoni. "Bila ndugu sina la kufanya." Ndege iliondoka jioni hiyo, na wale wawili ndani yake, na waume zao wa karatasi wakarudi na magari. Yule mzee wa Likoni nimemwendea mara mbili tangu nirudi. Mara zote mbili amenishukuru kwa barua nzuri.

Adams Arcade, mara ya mwisho

Tulikaa kwenye hoteli ya chai penye maduka, mimi, Mwanaidi na Wafula. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, nikisema ovyo. Nikamwambia Mwanaidi kwamba basi letu ni kesho saa moja, nimeshazungumza na dereva. Kwamba chumba chake nimekiacha vile vile. Kwamba nimefikiri kuna mwanamume mmoja mgane wa Makadara, mtu wa heshima, anayeweza kumfaa, nami nitakwenda kuzungumza naye.

Mwanaidi alikuwa akikoroga chai muda mrefu, na sukari alikuwa hajatia.

"Kaka," akasema, "siku ile ulipoandika ile barua mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Kutoka barazani mpaka jikoni ni hatua ngapi?"

Nikazihesabu moyoni.

"Bi Zuhura alikudanganya, hilo najua, na umenitoa, Mungu atakulipa. Lakini mlipokuwa mnanigawa pale barazani, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuna aliyemwuliza. Na leo umeshapanga basi, na chumba, na mume." Sauti yake haikupanda. "Hata leo hujaniuliza."

Wafula akainuka akasema anakwenda kutazama mvua, na mvua ilikuwa haipo. Akasema pia, akiwa amesimama, kwamba mkewe huko Riruta anachoma maandazi ya kuuza na anatafuta mwenzake, kisha akatoka.

Nilihisi hasira kwanza, nawaambieni ukweli, hasira ya mtu aliyetembea na kiatu kimoja mpaka Mutuini. Nikajiandaa kumweleza mimi ni nani kwake. Maneno yalikuwa yameshapangika, mazuri, yenye mizani. Nikayameza.

"Mwanaidi," nikasema, "unataka kurudi nyumbani?"

Akaweka kijiko chini. Aliniangalia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke geti lile.

"Sitaki," akasema.